Maiki mpya, birika lilelile

*Ami, salamu. Niko Langoni, Lamu. Bibi yangu ana tenzi nyingi kwa ghibu, nami nimeanza kumrekodi nyumbani; nyingine nazisoma mwenyewe. Kwa simu sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia birikani, lile la maji. Nikaagiza maiki ya USB kutoka Mombasa kwa Sh 9,000. Birika ni lilelile, ila sasa punda wa jirani wanasikika vizuri zaidi. Muuzaji aniambia dawa ni maiki ya Sh 25,000. Ninunue?*
*Mjukuu, Langoni*

Usinunue, mwanangu. Hizo pesa zitie kibindoni. Birika unalolisikia ni nyumba yenu.

Nyumba za mji wetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Unene wa kuta ni kiasi cha nusu mita, na kwa kelele za nje hiyo ni neema. Tabu ni ukuta huohuo ukiusemesha kwa ndani: kila neno unakurudishia. Halafu vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana umefuata urefu wa boriti za mikoko, nazo hazifiki mbali. Kwa hivyo kuta mbili ndefu zimekaa zikitazamana karibu karibu, na sauti inarushwa baina yake kama mpira wa watoto. Simama katikati ya msana, kile chumba kirefu cha mbele, upige kofi moja, kavu. Ule mlio wa *trrr* unaofuata ndio birika lako. Maiki ya elfu tisa itauchukua, na ya elfu tisini itauchukua kwa ufasaha zaidi.

Nalijua hili kwa hasara. Nilipokuwa kijana nilimrekodi babu yangu kwa redio kaseti, nikamkalisha mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mahali pa heshima kuliko pote nyumbani. Kwa picha pangependeza. Kanda ninayo hadi leo, na ndani yake namsikia ukuta kuliko ninavyomsikia babu.

Basi tembea na kofi lako chumba baada ya chumba. Pale linapokufa papo hapo, kana kwamba umepiga mto, ndipo studio yako. Mara nyingi huwa ni chumba cha kulala: godoro la sufi, kabati limefurika nguo, mablanketi yamepangwa juu yake. Usione haya kurekodi mbele ya kabati lililo wazi.

Najua utashawishika kutundika leso ukutani, kila mtu hufanya hivyo. Leso moja ni pambo. Inapunguza ukali wa sauti nyembamba tu, ule uvumi mzito unapita kama haukuona kitu. Trei za mayai nazo ni hadithi ya mitaani. Kinachomeza sauti ni unene: godoro lililosimamishwa, au mablanketi mazito mawili yamekunjwa na kuning'inizwa, yasigandane na ukuta, yaachiwe nafasi ya kiganja hivi. Na yakiwa machache, yaweke nyuma ya msemaji. Watu wengi huyaweka nyuma ya maiki, wakasahau kwamba maiki inamtazama msemaji, na pamoja naye inautazama ukuta ulio mgongoni mwake.

La pili ni masafa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Shibiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki, sentimita 20 hivi. Ukisogea kutoka shibiri mbili hadi moja, sauti yako hupanda kwa desibeli 6 hivi na mwangwi wa chumba unabaki pale ulipokuwa. Faida hiyo huuziwi dukani. Ukishasogea, punguza kitufe cha nguvu ya maiki mpaka ubeti wa kelele kuliko yote usipande juu ya desibeli -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Sauti iliyopasuka kwa kugonga sifuri hairekebishiki.

Angalia pia uso wa maiki uko wapi. Nyingi za USB husemeshwa ubavuni, upande wenye nembo, lakini nimeona watu wazima wakizisemesha utosini kama wanaokula aiskrimu. Kisha isogeze kidogo kando ya mdomo, isiwe mbele kabisa. Tenzi zetu hufungua kwa *Bismillahi*, na ile *b* ya kwanza hutoa pumzi inayoipiga maiki kama kofi. Pumzi ikipita pembeni, umeokoka.

Kwa bibi kuna mambo yake. Wazee hughani huku wakiyumba, kwa hivyo mpe mito ya kuegemea ili kichwa kisisafiri. Maiki isikae kwenye meza anayoigonga kwa kidole akihesabu mizani. Ikunjie taulo chini yake. Bangili mvue kwa adabu, au umwombe azipandishe mkononi.

Feni zima. Friji pia zima, na ili usisahau kuiwasha, weka ndani yake kitu ambacho huwezi kulala bila kukitafuta. Mimi huweka ndara moja. Mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hilo, hayaandikiki hapa. Kompyuta ikikuletea mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja, utumie betri. Hifadhi kwa faili la WAV, si MP3 inayobana sauti.

Kabla bibi hajaanza, rekodi sekunde 30 za kimya cha chumba. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, hukisoma kimya hicho na kupunguza uvumi uliobaki. Ipunguze kwa kiasi. Ukizidisha, bibi atasikika kama anaghani chini ya maji.

Sasa punda. Maiki yako, kama ni ya kusikia upande mmoja, ni kiziwi kwa nyuma: ipe dirisha mgongo. Rekodi usiku baada ya isha, mji ukitulia na mota za mashua zikinyamaza. Mlio wa punda ukiingia katikati ya neno, si rahisi kupata programu itakayoutoa na neno likabaki salama. Ukiwa unasoma wewe, nyamaza, ngoja amalize, rudia ubeti mzima. Akiwa ni bibi, na ameshaingia kwenye mkondo wake, usimkatize. Mwache punda abaki.

*Bwana, mimi niko Malindi karibu na bahari. Maiki yangu ya kondensa imeanza kutoa mikwaruzo, kra kra, hasa nikirekodi alfajiri. Waya nimebadilisha. Imekufa?*
*Msomaji, Malindi*

Huenda haijafa, imelowa. Ndani ya kondensa mna utando mwembamba unaobeba chaji, na unyevu wa hewa ukiingia, chaji inavuja. Mikwaruzo yako ndiyo hiyo. Usiiache kwenye stendi usiku kucha. Ifunge kwenye mkebe wa plastiki wenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Mchele usiutie, una vumbi. Iache siku mbili, tatu, kisha ijaribu mchana. Ikinyamaza, hayo ndiyo makao yake kila ukimaliza kazi. Na siku ukinunua nyingine, tafuta ya dainamiki, isiyotegemea utando wenye chaji. Hiyo huvumilia pwani.