Hina haina haraka: kwa mabinti mnaoanza kushika koni

Mabinti zangu, usiku wa kuamkia Idi niliwatazama mpaka nikashindwa kunyamaza. Foleni imefika ngazini, watoto wanalia, koni za hina zinapasuka mikononi, na kila mmoja wenu anarudia yale yale tuliyoyafanya sisi tulipokuwa rika lenu. Nawapenda, na mnajua. Ndiyo maana nimeona niwaandikie kuliko kuwafokea mbele ya wateja. Karibu kila kosa nililoliona usiku ule limezaliwa na haraka, na hina haifuati haraka ya mtu.

1. Jazeni koni zenu wenyewe. Hina iliyokandwa kwa ndimu haidumu zaidi ya siku chache nje ya friza. Sasa koni inayokaa dukani miezi na miezi na bado inatoa rangi, ndani mna nini? Harufu ya mafuta ya taa mnaisikia wenyewe, mnaifunika kwa udi. Unga mzuri unaotufikia hapa unatoka Sojat, kule Rajasthan, India. Uwe laini, kijani kilichofifia, na unukie majani. Ukiwa wa kijani kikali cha kupendeza macho, umetiwa rangi. Chekecheni, kandeni kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, tieni matone ya mafuta ya lavenda, funikeni, kisha mwende zenu mkafanye kazi nyingine. Kwa joto letu la Unguja, iliyokandwa asubuhi jioni iko tayari. Wekeni tone kiganjani, subirini dakika tano, futeni. Likibaki doa la rangi ya chungwa, imeiva. Ndipo muichuje kwa soksi ya nailoni, la sivyo kijiti kimoja kitaziba koni katikati ya kidole cha bi harusi.

Bibi yangu alikuwa akikanda kwa chai ya rangi iliyochemshwa na karafuu, akiisomea, na hapana aliyethubutu kumuuliza. Nilimfuata miaka mingi kwa heshima. Siku nilipokanda bakuli mbili, moja kwa chai yake na moja kwa ndimu tupu, ile ya ndimu iliishinda vibaya. Karafuu bado nazitumia, lakini si ndani ya bakuli, na mafuta yake siyatii kabisa kwa sababu yanawasha ngozi za watu. Nazitupa kwenye chuma cha chapati kilichopata moto, bi harusi akaota mikono juu ya moshi wake baada ya hina kukauka. Lile joto ndilo linaloisaidia rangi, na chumba kizima kinanukia Pemba.

2. Singo kwanza, hina baadaye. Kungwi akimsugua bi harusi singo, ile ya kusugulia ngozi, baada ya nyinyi kumchora, kazi yenu yote inaishia kwenye sinia, kwa hiyo pangeni naye mapema, na mumpangie kwa adabu, maana ni mkubwa wenu.

3. Bi harusi achorwe siku mbili kabla. Rangi iliyomo kwenye jani la mhina inaitwa lausoni. Inaingia kwenye ngozi na kushikamana na protini yake, na hina inapotolewa rangi inakuwa ya chungwa, nyepesi, hata mteja anaweza kukasirika. Mwambieni mapema. Siku ya pili inakuwa kahawia, halafu inaelekea kwenye wekundu uliokolea. Hina ikae mkononi saa sita au zaidi, ipakwe maji ya ndimu na sukari kwa pamba isipukutike, ikwanguliwe kwa kisu butu, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Kiganja na wayo hukolea kuliko mahali pengine popote kwa kuwa ngozi pale ni nene. Mgongo wa mkono utakuwa mwepesi zaidi, na hilo si kosa lenu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelisema kwa watu wachache sana.

Alikuja kwangu binti wa jirani, harusi yake kesho yake jioni. Walikuwa wamechelewa kwa sababu ya msiba wa upande wa baba, na mama yake aliingia amefura, hata kukaa hataki. Alitaka mikono iwe myeusi, ionekane kwenye picha. Ningemwambia ukweli, kwamba kwa muda ule hina itakuwa ya chungwa siku ya harusi na itakolea yeye akiwa ameshakwenda kwa mumewe. Sikumwambia. Nilikuwa na pakiti ya rangi nyeusi ya nywele, ile ya unga, na wenzangu wote walikuwa wakiichanganya. Nikachanganya. Tuliita piko, na kwa kuwa tuliipa jina letu tuliiona kitu chetu. Kwa saa moja mikono ikawa myeusi kama wino. Wanawake wakapiga vigelegele. Yule mama akanilipa zaidi ya tulivyopatana, nikarudi nyumbani nikiimba.

Siku ya nne nikaitwa. Nilimkuta kitandani, mikono ameilaza juu ya kanga iliyokunjwa, ameigeuza kwa sababu haiwezi kugusa kitu. Na mchoro wangu wote ulikuwapo. Niliweza kuusoma. Kila jani nililolichora lilikuwa limeinuka, limejaa maji. Embe nililoliweka kwenye kifundo lilikuwa lengelenge moja kubwa lenye ncha ile ile niliyoipinda mimi. Kule nilikoweka vidoti vidogo kwenye vidole, kulikuwa na vilengelenge vidogo, vimepangika. Wifi zake walikuwa wakimlisha kwa kijiko. Mama yake hakunifokea. Alinimiminia chai.

Tukaenda hospitali. Daktari akaniuliza mbele yao, "Umempaka nini?" Nikajibu, "Hina tu, daktari." Nimewahi kutenda mengi nikiwa na hofu, lakini hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata kumchora, kwa sababu kuchora nilichora kwa kutojua na kusema nilisema nikijua. Usiku sikulala. Asubuhi nikarudi na ile pakiti mkononi, nikamwekea mezani, nikamwambia yote. Hakushangaa. Aliniambia alikuwa akilijua jibu tangu mwanzo, alikuwa akisubiri nimwambie.

Ndipo nilipofundishwa. Kinachounguza kinaitwa PPD. Ni dawa ya rangi ya nywele, na hata huko kwenye nywele ina kipimo: sheria ya Ulaya hairuhusu izidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na ngozini hairuhusu kabisa. Piko tunayojichanganyia sisi kwa kukisia hupita kipimo hicho kwa urahisi. Na mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Yule binti vidonda vilipona, akabaki na michirizi myeupe kwenye mgongo wa mkono wa kulia. Sasa ni mtu mzima, mvi zimeanza, na hawezi kugusa rangi ya nywele maisha yake yote. Daktari alimwonya hata kuhusu baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, maana zina undugu na kile kilichomuunguza. Tukikutana Darajani ananisalimu vizuri, ananiuliza hali ya watoto.

Sasa sikilizeni. Mnaniambia, "Khala, mbona sisi tunapaka piko kila wiki na hakuna aliyedhurika?" Hamumuoni aliyedhurika kwa sababu hadhuriki mbele yenu. Wengine huanza kuwashwa siku hiyo hiyo, lakini wengi huchukua siku mbili, tatu, wengine wiki na zaidi. Mgeni mnayemchora ufukweni Nungwi au Paje anapanda ndege akiwa anatabasamu, na malengelenge yanamtokea kwao. Mtamjuaje? Na mwingine anapona mara ya kwanza bila dalili yoyote, mwili unakaa na kumbukumbu, mara ya pili ndiyo inakuja kwa nguvu zote. Nimemwona mmoja wenu Idi hii anampaka piko mtoto wa miaka kama sita, mama yake amesimama pale anafurahi. Sitakutaja. Njoo kwangu, twende wote kwao tukamwambie yule mama. Nitazungumza mimi, wewe utakaa pembeni yangu.

4. Mtoto mchanga msimpake hata hina safi. Wako watu ambao damu yao imepungukiwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD, na pwani yetu hii yenye historia ya malaria hawako haba. Hina inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu, na kwa mtoto mdogo hilo ni hatari kubwa. Bibi mtu atalalamika kwamba wote walipakwa siku ya arubaini na wakapona. Mjibuni kwa upole, na koni muiweke chini.

5. Jina la bwana harusi liandikwe kwenye karatasi na bi harusi mwenyewe. Mnajua desturi ya kulificha jina ndani ya maua ili mume alitafute. Mwaka huu mmoja wenu alificha jina la shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeleta malipo ya kwanza na jina lake ndilo lililokuwa kwenye simu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha tukageuza herufi kuwa majani ya mzabibu, na ikawa sehemu nzuri kuliko zote. Lakini msinitie tena katika jaribu hilo.

6. Acheni kunakili kwenye simu. Hapa ndipo ninapokosa subira kabisa, kwa sababu mna macho na mnaishi Mji Mkongwe. Mteja akikaa, mnafungua simu, mnachagua ua lile lile kubwa la Kiarabu ambalo dada yake alichorwa mwezi uliopita. Mkono wenu unakuwa hodari, lakini hauna kitu chake.

Mimi nina daftari. Kila siku nachora kitu kimoja nilichokiona, hata kama ni kidogo vipi, hata kama nimechoka. Nikitoka kununua mkate nasimama mbele ya milango. Ile ya Kigujarati ya mitaa ya maduka, inayokunjwa, imegawanywa miraba midogo midogo; hiyo nimeigeuza kuwa wavu wa mgongo wa mkono, na kila mraba nautia kitu tofauti. Ile mikubwa yenye miimo iliyochongwa ina mnyororo unaozunguka pembeni, ina yungiyungi, ina magamba ya samaki. Mnyororo unakaa vizuri sana kwenye kifundo. Mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, nimeuteremsha kutoka kidole cha kati mpaka kwenye kiwiko, na wateja wanauomba bila kujua ulikotoka.

Kanga nayo imeshawapangia kazi: ina pindo, ina mji. Mkono nao uwe na pindo na mji. Ukijaza kila mahali, jicho halina pa kupumzika. Korosho ya kwenye kanga na embe la kwenye sari za mama zetu ni umbo moja, basi mnaweza kumchorea bi harusi wa Kimakunduchi na bi harusi wa Kihindu wa Hurumzi kwa mkono ule ule, na kila mmoja akajiona nyumbani.

Mama yangu ana mtandio wa bandhani uliotoka Bhuj, mji wa Kachi kule Gujarat, India. Kwetu tunazungumza Kikachi, na mambo ya Kachi yamejaa makabatini. Bandhani hufanywa kwa kubana kitambaa kidogo kwa kucha, kukifunga uzi, kisha kukitia rangi. Pale palipofungwa panabaki doti. Mtandio mmoja una maelfu ya vifundo hivyo. Niliutandaza kitandani mchana mmoja umeme ulipokatika, nikagundua kwamba doti hazilingani. Nyingine zimepinda, nyingine zina tundu katikati, na ndiyo maana nguo inaonekana hai. Tangu siku ile nimeacha kuhangaika kulinganisha vidoti vyangu kwa macho ya mashine.

Na jikoni. Tunapotia vaghari, yaani viungo vya kukaangwa kwenye mafuta, kwenye dali, haradali ikianza kuruka natupa majani ya limdo, yale ya mchuzi, kwenye mafuta. Litazameni tawi lake kabla hamjalitupa: vijani viwili viwili, vinapishana kidogo, na kile cha mwisho kinasimama peke yake. Hicho ndicho kijazio changu cha vidole vyote. Sikukitafuta. Kilikuwa mkononi kila siku, na mimi nilikuwa naharakisha chakula. Majirani wakitandaza rangoli, yale mapambo ya unga wa rangi, mlangoni siku za Diwali nakwenda kuwaangalia wakianza, siendi ikishaisha, kwa sababu nataka kuona wanaweka wapi nukta za kwanza.

7. Kaeni vizuri. Mto chini ya mkono wa mteja, mgongo wenu umeegemea ukuta, na anzeni upande ambao kiganja chenu hakitapita juu ya kazi. Migongo yetu sisi wakubwa haina dawa tena.

8. Malipo nusu mbele, hasa kwa ndugu.

Jumamosi nakanda unga mpya baada ya alfajiri, atakayechelewa atakuta nimefunika bakuli na hataona uzito unavyotakiwa kuwa. Leteni madaftari niyaone, na kila mmoja aje na soksi mpya ya nailoni, maana zangu zote zimetoboka.