Maswali ya Wafugaji: Bata Amelegea Shingo, Je, Amelishwa Sumu?

SWALI: Bwana Daktari, ninafuga bata nyuma ya nyumba yetu katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wiki iliyopita, katika joto hili la Oktoba, niliwakuta wawili wamelala karibu na mtaro, shingo zimelala mchangani na mabawa yameanguka, ingawa macho yao yalikuwa bado yanatazama. Mama mkwe wangu aliwatilia maziwa na mafuta ya mawese kinywani. Mmoja alikufa palepale akitafuta pumzi, na wa pili tulimkuta usiku amekufa, kichwa kikiwa ndani ya beseni la maji. Leo asubuhi wa tatu ameanza kuyumba. Mume wangu anasema ni sumu ya jirani, ambaye bata wetu walimlia mboga zake za lengalenga, na anataka kumshtaki kwa mkuu wa mtaa. Je, ninaweza kumtibu huyu nyumbani? Na nyama ya waliokufa inafaa kuliwa?
Mama mfugaji, Katuba

JIBU: Mama, tuanze na huyu aliye hai, habari za jirani zinaweza kusubiri.

Mwondoe sasa hivi karibu na mtaro na karibu na kila chombo chenye maji ya kina, hata beseni la kufulia, kwa sababu bata asiyeweza kuinua kichwa huzama katika maji yasiyofika hata kwenye kiganja, na hivyo ndivyo alivyokufa yule wa pili. Mlaze kivulini ndani ya kikapu au katoni yenye nyasi kavu, umwekee kitambaa kilichokunjwa chini ya kifua ili asilale ubavu, na kichwa kikae juu kidogo kuliko mwili. Mgeuze kila baada ya saa chache. Macho yake uyafute kwa maji safi mara kwa mara, kwa kuwa mara nyingi kope nazo hupooza na nzi hupenda kutua hapo.

Kisha mpime kama anameza. Chovya ncha ya mdomo wake katika kikombe chenye maji safi, matundu ya pua yakibaki nje, na uangalie koo. Akimeza, mpe maji hivyo hivyo kidogo kidogo mchana kutwa, kwani kiu ndiyo inayowaua wengi kati ya wale ambao sumu yenyewe haikuwaua. Asipomeza, usimtilie kitu chochote. Njia ya hewa ya bata inafunguka kwenye shina la ulimi, mbele ya njia ya chakula, na kinachomwagwa kinywani mwa bata aliyepooza huingia moja kwa moja mapafuni. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika kwamba yule wa kwanza aliuawa na maziwa na mafuta, wala si na kile kilichomlegeza. Sisemi hivyo ili mama mkwe alaumiwe, maana desturi hii imeenea katika nyumba nyingi za mji huu na hufanywa kwa nia njema. Lakini maziwa hayafuti sumu, na mafuta yanaweza hata kuharakisha baadhi ya dawa za kuua wadudu kuingia mwilini.

Wengi huniuliza juu ya makala, yaani makaa, kama dawa ya sumu. Unga wa makala ya jikoni haufanyi kazi ya makala maalumu yanayouzwa katika farmasi, ambayo yametengenezwa ili yawe na vitundu vingi vya kunasa sumu. Haya ya farmasi hutolewa kwa kiasi cha gramu 1 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa ndege, yakichanganywa na maji. Yanasaidia yakitolewa mapema, na kwa bata anayemeza tu. Kwa asiyemeza, ni kazi ya mganga wa mifugo mwenye mpira wa kupitisha hadi tumboni. Ipo pia chumvi ya kuharisha, yaani sulfati ya magnesiamu, ambayo wafugaji huitumia kusafisha utumbo kwa kuyeyusha kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji. Mimi huikubali kwa bata ambaye bado anasimama na kunywa, na simpi aliyekwisha kukauka kwa kuharisha. Tahadhari moja ni ya lazima hapa: chumvi ya kupikia si badala yake. Chumvi ya kupikia nayo ni sumu kwa bata, na nimeona watu wakimaliza kundi kwa kuwanywesha maji ya chumvi wakidhani wanawatibu.

Unga wa antibiotiki unaouzwa sokoni hauna nguvu juu ya sumu iliyokwisha kuingia katika mishipa ya fahamu, kwa hiyo usitumie pesa zako huko. Chakula kiache mpaka ameze vizuri, ndipo uanze na pumba zilizolowekwa sana. Bata aliyevuka siku mbili akiwa hai mara nyingi hupona, ingawa miguu huchelewa kurudi kuliko shingo.

Sasa tuje kwenye chanzo. Dalili ulizoandika, yaani ulegevu unaoanzia miguuni ukapanda mabawani na mwisho shingoni, pasipo kutetemeka na huku ndege akiwa bado na fahamu, zinafanana sana na botulismi. Hii ni sumu ya kweli, lakini haiwekwi na mtu. Inatengenezwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa katika matope kwa miaka mingi bila kumdhuru yeyote. Joto linapopanda na maji ya mtaro yanaposimama na kupungua, kama yanavyofanya hapa kwetu mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijashika, panya au kuku anakufa, mzoga unaoza mahali pasipo na hewa, na bakteria wanaamka humo na kutoa sumu. Funza wa nzi wanaokula mzoga ule huibeba sumu bila wao kudhurika. Bata anakuja na kuwadonoa, nao wachache tu wanatosha kumpoozesha. Akifa na kuachwa kichakani, yeye naye anakuwa mzoga wenye funza wa kuwaua wenzake, na ndiyo maana vifo vinafuatana mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo majirani huliona kama kazi ya mtu anayerudi kila usiku.

Kwa hiyo dawa kubwa kuliko zote ni uwanja wako. Wafungie bata wote waliobaki leo hii, wape maji safi katika chombo kisicho na kina, kisha mtafute mizoga: ndani ya mtaro, chini ya mbao, nyuma ya choo, na kwenye lundo la takataka mnalotumia pamoja na majirani. Vaeni glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mkipata chochote, mkichome moto au mkizike kwa kina cha mita moja, na mrudie kutafuta asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Maji yaliyosimama yaondolewe au shimo lifukiwe. Kazi hii haipendezi na inanuka, lakini pasipo hiyo kila bata utakayemponya atarudi kula palepale.

Dawa ya kuua wadudu wa mboga ingejionyesha kwa namna nyingine. Ndege anatokwa mate, anatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, anapata degedege, na mara nyingi wengi hufa pamoja ndani ya saa chache. Hapo matibabu ni sindano ya atropini ya mganga wa mifugo, wala jikoni hakuna cha kuibadili. Nawe mwenyewe usimshike ndege huyo kwa mikono mitupu, kwa kuwa dawa hizo hupenya hata kwenye ngozi ya mtu. Sumu ya risasi, ile metali iliyomo katika betri za magari, nayo huja polepole: bata anakonda kwa wiki kadhaa, kinyesi kinakuwa cha kijani, miguu inadhoofika. Katika mji wetu jambo hili si la kupuuzwa, kwa sababu udongo wa sehemu zilizo upande wa moshi wa viwanda vya kuyeyusha madini umepimwa na kukutwa na metali nzito, na tena kuna mafundi wanaopasua betri za magari uani, mahali ambapo bata hudonoa vipande na kuvihifadhi katika firigisi kama changarawe. Mume wako akitaka ushahidi, amfungue mmoja wa waliokufa akiwa amevaa glavu: funza kooni na tumboni wataeleza habari moja, nafaka zenye rangi isiyo ya kawaida zitaeleza nyingine, na vipande vya metali ndani ya firigisi vitaeleza ya tatu. Akiona anahitaji neno la mtaalamu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Mzoga upelekwe siku ileile, ndani ya mifuko miwili, ukiwa umezungukwa na barafu lakini bila kugandishwa. Kabla ya hapo, kwenda kwa mkuu wa mtaa ni kumtwisha mtu mzigo wa maneno ambao hata bata wakipona hautashuka.

Lipo jambo moja ambalo halingojei. Ikiwa bata na kuku wanakufa ghafla kwa wingi, huku wengine wakizungusha shingo, wakivimba kichwa au wakihema kwa shida, msifungue mzoga wowote. Itaarifuni ofisi ya mifugo ya komini. Mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yalikwisha kuingia katika nchi yetu mwaka 2017, upande wa Ituri, na bata walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Nyama msile. Ni kweli kwamba kuchemsha sana huharibu sumu ya botulismi, lakini hakuharibu risasi wala dawa nyingi za wadudu, na hapo ulipo hujajua bado ni ipi. Mbwa nao wasipewe. Mayai ya siku hizi yatupwe mpaka chanzo kijulikane.

SWALI: Daktari, nilinunua pumba za mahindi kwa bei ya chini kwa sababu zilikuwa zimelowa na kushika ukungu. Nilizianika juani mpaka zikakauka, nikawapa vifaranga vya bata. Vimeanza kukataa kula na kufa kimoja kimoja. Je, niwape makala?
Kijana wa Ruashi

JIBU: Ndugu yangu, jua lilikausha pumba lakini halikuondoa sumu. Ukungu wa namna hiyo unaweza kutoa aflatoksini, ambayo haifi kwa kuanikwa, kwa kuoshwa, wala kwa moto wa kawaida wa jikoni, na ambayo huharibu ini. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa viumbe vinavyoumia upesi zaidi. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na vifaranga vya bata pia vilikufa kwa chakula hichohicho; hapo ndipo wataalamu walipoigundua sumu hii.

Makala hayatakusaidia sana sasa, kwa kuwa wamekula kwa siku nyingi. Acha pumba hizo leo, zichome au zifukie, wala usimpe nguruwe wala usimuuzie mwenzako. Wape waliobaki unga safi uliochanganywa na majani mabichi na kitu chenye protini nzuri, kama dagaa waliosagwa wasio na chumvi. Baadhi watapona, na wengine watadumaa.

Ukiwa na kifaranga kinachokula vizuri na chenye macho mazuri, lakini miguu inapinda na kinatembea kwa magoti, huyo huenda hana sumu kabisa. Bata wanahitaji niasini (vitamini B3) nyingi kuliko kuku, na chakula cha vifaranga vya kuku, achilia mbali pumba tupu, mara nyingi hakiwatoshi. Chachu ya bia iliyokaushwa, kijiko kimoja cha supu kwa kila kikombe cha chakula, hurekebisha hali hiyo ikianza kutolewa mapema. Hamira ya mkate ambayo bado ni hai usiitumie, kwa maana itachachuka tumboni.

SWALI: Bata wangu jike alikula chambo cha panya jana jioni, nami nilimwona. Leo anatembea na kula kama kawaida. Nimwache?
Papa mstaafu, Kampemba

JIBU: Papa, usimwache. Dawa nyingi za panya huzuia damu isigande, na dalili zake huonekana baada ya siku mbili hadi tano, wakati ambapo ndege anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mpeleke leo kwa mganga wa mifugo pamoja na pakiti ya dawa ile, maana jina lililoandikwa hapo ndilo litakaloamua. Ikiwa ni ya kuzuia damu kuganda, matibabu yake ni vitamini K1, nayo hutolewa kwa wiki kadhaa. Akiisha kupewa siku tatu na kuonekana mzima, watu wengi huacha, na bata hufa wiki inayofuata. Ikiwa ni punje nyeusi zinazouzwa barabarani bila pakiti wala jina, mara nyingi hizo ni dawa za wadudu na zingekwisha kumwangusha jana ileile, kwa hiyo kule kusimama kwake leo ni habari njema. Makala ya farmasi unaweza kumpa njiani, maadamu anameza. Mayai yake kwa sasa usile wala usiuze, na chambo kilichobaki kiokote chote kabla hujamfungulia mwingine.