Sabuni ya mafuta ya ng'ombe kwa kuchanganyia mwarobaini

Ndugu, nimekuelewa: sabuni uliyopika kwa mafuta ya ng'ombe ya buchani haishikanishi mafuta ya mwarobaini na maji, hivyo mchanganyiko unajitenga ndani ya bomba la kupulizia. Nami yalinikuta, na chanzo kilikuwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, kwa kuwa kalsiamu, madini yaliyomo katika maji hayo, hugeuza sabuni kuwa utando usioyeyuka. Tumia maji ya mvua. Kostiki soda, kemikali ya kupikia sabuni, nayo hutoa sabuni ngumu isiyoyeyuka vizuri katika maji baridi, kwa hiyo badala yake ningepikia haidroksidi ya potasiamu, takriban gramu 190 iliyo safi kwa kilo 1 ya mafuta yaliyochujwa. Mimina kemikali kwenye maji, kamwe si maji kwenye kemikali, ukiwa umevaa miwani na glovu, na usitumie sufuria ya alumini. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha uende hospitali bila kusubiri.