Mikanda ya urembo ya Beetle: kuitoa na kuirudisha bila kuikunja

Mkanda wa alumini, ule wa urembo unaokaa nje ya bodi ya Volkswagen Beetle, ukikunjika mara moja, basi. Hata ukiunyoosha vizuri, jua likiupiga utaona mstari mweupe pale ulipopinda, maana ile ngozi ngumu ya juu imeshapasuka. Na mikanda mingi huharibikia kwenye kutolewa: bisibisi inachomekwa upande mmoja, mtu anavuta, klipu ya kwanza inaachia, ya pili inagoma, mkanda unakunjika kati ya hizo mbili.

Volkswagen Beetle ya miaka ya 60 yenye urembo kamili ina vipande 7 kwenye bodi: kimoja cha boneti ya mbele, viwili vya ubavuni mbele ya milango, viwili vya milango na viwili vya nyuma yake. Vinashikwa na klipu zilizochomekwa kwenye matundu ya bodi.

Bandika kwanza tepu ya karatasi juu na chini ya mkanda, matabaka mawili. Weka bisibisi mbali, chukua kipande cha plastiki ngumu au kijiti cha mbao kilichochongwa kama patasi. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba ukienda nao taratibu. Penye klipu hautabonyea. Hapo ndipo pa kuingiza kijiti. Inua milimita 2 au 3 tu, hamia klipu inayofuata, fika mwisho, kisha rudi mwanzo. Ukizunguka mara mbili tatu, mkanda wote utaachia kwa pamoja. Klipu ikigoma, ina kutu: puliza mafuta ya kulegeza kutu, subiri, rudia. Kila kipande kiandike kwa nyuma kabla hujakiweka chini: cha wapi, kushoto au kulia, na mshale kuelekea mbele.

Klipu za zamani usizirudishe. Zimechoka, na ndizo zinazofanya mkanda ugongegonge kwenye barabara mbaya. Hesabu matundu ya bodi, ununue idadi hiyo na 5 za ziada, kwa sababu kuna zitakazovunjika. Angalia pia mwaka wa gari: kuanzia modeli ya 1967 mikanda ni myembamba zaidi, na klipu zake haziingiliani na za gari la zamani.

Sasa matundu, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Maji na tope hukaa nyuma ya mkanda, klipu imeshakwangua rangi, kutu inaanzia hapo. Magari ya pwani, Mombasa au Tanga, huumia zaidi: chumvi ikikutana na alumini iliyogusana na chuma, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Safisha kila tundu kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kutu, praima, kisha rangi, na ukingo wa ndani wa tundu usiusahau. Gari likiwa limetoka kupigwa rangi, iache rangi ikauke kabisa kwa wiki kadhaa. Rangi laini hubonyea chini ya mkanda na kubaki na alama.

Kila klipu ikae na raba yake, na nta kidogo kuzunguka tundu. Silikoni yenye harufu ya siki usitumie, asidi yake huleta kutu.

Kurudisha, anza na mlango, kwa sababu ndio unaofunguka. Pima kwanza mlango ukiwa umefungwa: uache milimita 3 hivi kati ya mkanda wake na wa jirani, halafu ufungue polepole uone kama ncha hazigusani. Ngoeka ukingo wa juu kwenye klipu zote, ndipo ubonyeze wa chini kwa kiganja, klipu moja moja, mpaka usikie "tak". Pasipoingia usipige nyundo. Toa, utaikuta klipu imegeuka upande. Inyooshe, ujaribu tena.

Urembo wa kuzunguka vioo ni kazi nyingine. Huo hukaa kwenye mfereji wa raba, na huingizwa kwenye raba kabla kioo hakijarudishwa kwenye gari. Kioo kikishakaa, kuuchomeka kwa nguvu hupasua raba na kuuacha mkanda una mawimbi.

Mwisho mwagia maji ubavuni kwa dakika 5, kisha inua mazulia ya mbele. Pakiwa na unyevu, kuna raba ya klipu haijakaa.