Maswali yenu: "unnatural" sio lazima iwe kinyume cha maumbile

Shikamoo mwalimu. Nauza mvinyo wa zabibu za hukuhuku Dodoma, nikampa dogo mmoja anitafsirie lebo, penye "no unnatural additives" kaandika "haina kitu chochote kinyume cha maumbile". Wateja wanacheka mpaka wanakaa chini. Kosa liko wapi?

Marahaba. Pole, ila na mie nimecheka. Kamusi haijamdanganya dogo, tatizo hayo maneno kwenye magazeti na mahakamani yameshapewa kazi moja, lile kosa la kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo kwa Kiingereza wanaliita "unnatural offences", sasa mtu akiyakuta kwenye chupa ya mvinyo akili inaenda wapi? Andika "haina rangi wala ladha za kutengenezwa", basi. Na hata hicho Kiingereza chako kilitakiwa kiwe "artificial", yaani kimetengenezwa na mtu, hakuna ubaya. "Unnatural" imebeba lawama ndani. Angalia mzabibu wako mwenyewe, unavunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu huku hakuna baridi kali ya kuulaza na wewe unashika mkasi unapogoa, ukishapogoa unachipua na kuzaa upya. Mkono wa mtu upo hapo kabisa, lakini hakuna Mwingereza atakayeziita zabibu zako "unnatural".

Mwalimu, mjomba kang'atwa na nyoka shambani huku Kondoa akafariki. Karatasi ya hospitali imeandikwa "unnatural death". Mama mdogo kasoma akasema mnaona, hata daktari kakubali mjomba karogwa. Ukoo haukaliki.

Poleni sana kwa msiba. Daktari hajagusa habari za kurogwa hata kidogo. Kwa madaktari na polisi kifo "natural" ni kile cha ugonjwa au uzee, hata malaria ikimchukua kijana wa miaka 20 na msibani kila mtu akalia kwamba haikuwa siku yake, kwenye makaratasi kile bado ni "natural". Kilichosababishwa na kitu cha kutoka nje ya mwili, ajali ya bodaboda, kuzama bwawani, kipigo, mtu kujiua, sumu ya nyoka, vyote vinaingia kundi la pili. Nyoka ni wa porini, wa asili kuliko sisi wote, ila neno halimwangalii nyoka linaangalia mwili, kwamba haukuchoka wenyewe. Anachokiwaza mama mdogo Kiingereza kinakiita "supernatural", kilicho juu ya uwezo wa kawaida, majini na miujiza humo humo. Msomee hivi: "kifo kisichotokana na ugonjwa". Usiongeze neno.

Kuku wangu jike anawika alfajiri. Jirani anasema uchuro nimchinje, mwanangu anasema ni "unnatural". Nani yuko sahihi? (Mpwapwa)

Wote, wanasema kitu kimoja kwa lugha mbili. Kwa kweli uchuro ndo neno letu lililoisogelea "unnatural" kuliko yote, maana ndani yake kuna mshangao, hofu na lawama kwa mpigo, "sio kawaida" haifiki hapo. Ila kuku mwenyewe hana hatia. Kuku jike anatumia ovari moja tu, ya kushoto, ikiharibika kwa uvimbe au ugonjwa homoni za kike zinashuka na ile ya kulia iliyokuwa imelala inaweza kuamka ikaanza kutoa homoni za kiume, kilemba kinakua, kutaga anaacha, siku moja unasikia anawika. Na kwenye banda lisilo na jogoo kuku mbabe naye anaweza kujiwikia tu. Yani maumbile yenyewe ndo yamefanya, afu tunasema kaenda kinyume na maumbile! Mwanasayansi angesema "abnormal", sio kawaida, akaishia hapo. Ukimchinja mchinje kwa sababu hatagi.

Mteja mzungu kaniambia picha zangu za harusi "look unnatural". Nimrudishie hela? (mpiga picha, Majengo)

Hapana. Anamaanisha watu wamekakamaa, tabasamu za kulazimisha, au umezidisha filta mpaka bibi harusi anang'aa kama sahani. Punguza filta, wachekeshe kwanza ndo ubonyeze.

Kwenye tamthilia ya King Lear mzee anawaita wanae "unnatural". Mbona ni watu wa kawaida tu?

Hii ndo maana ya zamani, na mi naipenda. Neno limetoka kwenye Kilatini cha kuzaliwa, kwaiyo enzi za Shakespeare, aliyeiandika hiyo tamthilia, "unnatural" alikuwa pia mtu asiye na uchungu na damu yake. Lear kawagawia ufalme mabinti wawili, Goneril na Regan, nao wakaanza kumbania wasindikizaji wake, mwisho usiku wa dhoruba akaachwa nje na mlango ukafungwa. Huku kwetu tungesema watoto hawana damu hawa.

Mwalimu, ni n moja au mbili?

Mbili. "Un" inaishia na n, "natural" inaanza na n, hakuna inayomwachia mwenzie nafasi. Kama "unnecessary".