Samoni wa Ziwa Michigan si mbuta wa Mbita

SWALI: Habari mhariri wa uvuvi. Mimi ni wa Dunga hapa Kisumu, nimezoea kuburuta rapala, kile chambo bandia chenye umbo la samaki, nyuma ya boti tukitafuta mbuta upande wa Mbita na Rusinga. Sasa mwezi wa nane naenda kwa shemeji yangu Milwaukee, amenunua boti anasema tutatoka Ziwa Michigan kutafuta samoni, na yeye mwenyewe hajui kitu, ananitegemea mimi ati kwa sababu nimekulia ziwani. Nianzie wapi? – Msomaji, Dunga

JIBU: Shemeji amekubebesha mzigo, lakini nusu ya kazi mkono wako unaijua tayari. Kitu kitakachokusumbua ni kina. Hapa kwetu maji ni ya joto mwaka mzima, na ndani ya ghuba si marefu, so unaachilia rapala inajizamisha yenyewe na ikigusa chini unavuta kidogo, basi. Michigan linashuka hadi mita 281, na mwezi wa nane maji ya juu ni vuguvugu, ya chini ni baridi kabisa, halafu kuna mahali katikati joto linaanguka ghafla. Samoni mkubwa wanayemwita king anapenda nyuzi 10 hadi 13 hivi, kwa hivyo anashinda hapo, leo mita 15, kesho 25. Ukipitisha chambo juu ya kichwa chake siku nzima ni kama kupigia simu mteja hapatikani.

Ndiyo maana wenzetu wanatumia dauniriga. Ni roller ya waya ubavuni mwa boti, mwishoni kuna tufe zito la kama kilo 5, mshipi wako unaubana kwa klipu karibu na hilo tufe halafu unashusha mpaka kina unachotaka. Samaki akiuma mshipi unachomoka kwa klipu, unapigana naye bila ule uzito. Kama boti haina, mwambie shemeji anunue hiyo kwanza kabla ya mambo mengine, hata moja tu inatosha kuanza, rangi kumi za chambo zitangoja. Chambo chenyewe anza na spuni, hizi za bati jembamba, na alfajiri tumia zile zinazong'aa gizani, unaziwasha kwa tochi kwanza.

Spidi weka kilomita 3.5 hadi 4.5 kwa saa, lakini usiamini sana kipima spidi cha juu botini manake huko chini kuna mikondo, na chambo chako kinaweza kuwa kinakimbia ama kimelala. Ujanja wangu: piga kona pana pana. Ukikata kushoto fimbo za kushoto zinapunguza mwendo, za kulia zinaongeza, sasa angalia ni upande gani unaumwa, utajua kama uongeze gesi au upunguze. Na breki ya rili ilegeze, king akishtuka anakimbia mbali sana, wageni wengi wanamkatisha hapo kwa kung'ang'ania.

Milwaukee iko pwani ya magharibi ya ziwa, so upepo wa kutoka magharibi ukivuma siku kadhaa unasukuma maji ya joto kwenda katikati na yale ya baridi yanapanda karibu na ufuo. Siku hizo samoni wanasogea, huna haja ya kuchoma mafuta kwenda mbali. Ila ndizo siku ukianguka majini utajuta, hiyo baridi inakukata pumzi papo hapo, kwa hivyo laifujaketi unavaa, si ile ya kukalia kama tunavyofanya huku.

Leseni ya kuvua ya Wisconsin, jimbo lenye Milwaukee, utahitaji na juu yake stempu (kibali cha nyongeza) ya samoni na trauti za Maziwa Makuu ya huko Marekani, kila mtu yake. By the way hao samoni si wenyeji wa hapo, jimbo la Michigan lilianza kuwapandikiza 1966 na 1967, kutoka Pasifiki, ili wawale samaki wadogo wanaoitwa alewife ambao walikuwa wamejaa ziwani. Mbuta wetu pia aliletwa, so mtaelewana.

Kuhusu kula, Wisconsin hutoa ushauri wa kiasi gani ule kwa sababu ya PCB, kemikali za sumu za viwandani, na hizo hukaa kwenye mafuta. Toa ngozi, kata mafuta ya tumbo na ya mgongoni, choma juu ya wavu yadondoke. Ile habari ya kukaanga mzima na kichwa, ngoja urudi Dunga.