Usiifute "man" kwenye daftari lako la Kidenmaki: "du" si lazima iwe wewe

Mleta mada, acha kwanza. Umesema mwalimu wako wa mtandaoni kakwambia "du ni wewe, man ni ya vitabuni, achana nayo", una mtihani wa mdomo wa Kidenmaki, ule wa Prøve i Dansk 3, baada ya wiki tatu, na unauliza ushike ipi. Nilipofika hapo kwa mwalimu chakula kilinikaa kooni. Maneno hayohayo niliuziwa mimi kwa krona 200 kwa saa, na yalinigharimu kazi.

Nilikuwa kwenye nyumba ya wazee huko Jylland, Denmaki, mkataba wa miezi mitatu. Asubuhi moja tuko kwenye kikao cha kupokezana zamu, mimi nimetoka usiku, macho mazito. Mbele yangu kakaa mama mmoja mtu mzima, yule aliyekuwa akinipitia na gari lake nikiwa zamu ya mchana. Kashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, anaeleza kwa nini taarifa za usiku zina mapengo. Akasema: "Du har tre, der ringer på én gang, du løber, og så glemmer du at skrive det ned." Una watatu wanaopiga kengele kwa mpigo, unakimbia, halafu unasahau kuandika. Macho yake kwangu, maana ndiye niliyekaa mbele yake.

Mimi nikasikia: wewe ulisahau kuandika. Tena mbele ya watu! Nikainuka kwenye kiti, nikapaza sauti: "Jeg skrev det hele ned!" Niliandika kila kitu! Chumba kizima kimya. Mama wa watu akakiweka kikombe chini polepole, hata hakugonga meza.

Alikuwa ananitetea. Alikuwa anasema kazi ya usiku inamzidi mtu, yeyote yule angesahau, tuongezewe mikono.

Hapo bado pangeweza kutengenezeka. Mimi nikaenda nyumbani nikaandika malalamiko kurasa mbili, nikayapeleka kwa meneja. Akasoma, akanitazama, akasema kwa upole: "Sådan gør man ikke her." Hapa mtu hafanyi hivyo. Kwa somo nililolipia, hiyo "man" ni watu wa huko vitabuni, kwa hiyo nikajua ananisimulia desturi za Wadenmaki. Nikaitikia "ja, ja", na kesho yake nikaanza kuzunguka kuomba wenzangu wasaini kuwa ni mashahidi wangu. Kumbe nilikuwa nimekatazwa uso kwa uso! Ile "man" ilikuwa mimi, mimi peke yangu, na ilikuwa onyo. Ile "du" niliyoipigania haikuwa ya mtu fulani. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Lifti ya yule mama ilikuwa imekatika siku nyingi.

Sasa huyo aliyenifundisha, aliyekaa Denmaki miaka mingi kuliko mimi, alijua nafanya kazi na wazee, alijua nakaa vikaoni, akapokea hela yangu na kunirushia sauti za WhatsApp za "du ni wewe popote uikutapo". Hilo sijamsamehe. Wadenmaki wanaitumia "du" kwa maana ya mtu yeyote. Iliongezeka sana kwenye mazungumzo kuanzia miaka ya 1970, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wameifuatilia kwa kurudi kuwarekodi watu walewale waliorekodiwa miaka hiyo. Na hiyo "man" ya vitabuni? Utaisikia dukani, kwenye basi, kwenye simu, mpaka kwa mtoto wa miaka minne. Bado ndiyo inayosikika zaidi kuliko "du" ya namna hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe tunasema hivyohivyo. Ukienda Kariakoo mwezi wa kumi na mbili hupati pa kukanyaga. Kuna mtu kibarazani amewahi kuruka juu akajibu "mimi sijaenda Kariakoo"? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna anayeuliza nimeona nini. Mwalimu angenipa mfano huo mmoja tu, dakika mbili, ningekuwa na kazi yangu.

Kwa hiyo shika hili, mdogo wangu, hata ukiacha mengine yote: ukisikia "du", kabla hujajibu weka "mtu" mahali pake kichwani. Mtu anakimbia, mtu anasahau kuandika. Sentensi imesimama? Basi tulia, msikilize amalize. Sikiliza na kitenzi. "Glemmer" ni mambo ya kila siku, mara nyingi ni ya yeyote. Angeniambia "du glemte det i nat", usiku wa jana ulisahau, hapo ni mimi na nina haki ya kujibu. Tofauti ni kipande kidogo mwishoni mwa neno, na Wadenmaki wanameza miisho, ndiyo maana nasema usikimbilie kujibu.

Na "man" ipime kwa mahali ulipo. Kama umetoka kufanya jambo na mkubwa wako anakuambia "det gør man ikke", mtu hafanyi hivyo, unakatazwa wewe. Omba radhi na uache.

Kwenye mtihani, ukieleza mambo ya jumla, sema "man". Itamke fupi, isikatike kooni; ukiikata inakuwa "mand", yaani mwanamume, na mtahini atabaki anatafuta ni mwanamume gani.

Huyo mwalimu wako, kabla hujamlipa tena, mpe hiyo sentensi ya meneja, "Sådan gør man ikke her", umuulize ni nani anayeambiwa. Akikujibu "watu kwa jumla", hela yako kaa nayo.